Korongo Aliyepewa Maziwa

Siku ya kuniaga, ninyi wenzangu wa kazi, mliniomba niandike yale ambayo hayakuingia kwenye raporo, zile ripoti za ofisini. Nimekubali kwa sababu ninyi ndio mnaobaki na matope yale, na pia kwa sababu tangu nistaafu mume wangu ananiuliza kila asubuhi nitafanya nini leo, nami nimechoka kutafuta jibu. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo vilikuja vilivyokuja, na mshahara wa shirika dogo mnaujua wenyewe.

Nilianza kazi Walikale nikiwa nesi wa mifugo. Watu waliniita veterineri, ingawa kule ni msituni na mifugo yenyewe ilikuwa ya kutafuta. Mimi ni mtoto wa wafanyabiashara wa Butembo, na kwetu kitu kikubwa kilichohitaji kutunzwa kila siku kilikuwa lori la baba. Siku yangu ya kwanza nilimdunga sindano mbuzi mmoja, na mwenye mbuzi akaniuliza kwa upole kama nimeshawahi kumshika mbuzi kabla ya siku hiyo. Nilimjibu kwamba nimesoma. Akatikisa kichwa, akanishikia mbuzi wa pili.

Huko Walikale ndiko nilikoona kwa mara ya kwanza ndege wakifanywa mzigo. Waliniita nitibu kasuku waliokuwa wamesongamana kwenye vikapu, wamenaswa kwa ulimbo, manyoya yamegandana. Mwenye mali alitaka wapate nguvu ya kufika Goma tu. Niliwasafisha kwa mafuta ya mawese na maji ya vuguvugu, wengi wakafa mikononi mwangu, nikarudi nyumbani na hasira ambayo sikujua pa kuipeleka. Shirika la kulinda ndege wa mabwawani lilipotafuta mtu wa kufanya kazi Masisi, nilifunga mizigo bila kuuliza maswali mengi.

Ndege wenyewe mnawajua: korongo wa taji, yule mrefu mwenye taji la dhahabu kichwani na shavu jeupe, ambaye watu wa milimani wanamwita musambi. Anataga kwenye bwawa, katikati ya majani, na akishapata mwenzi hamwachi. Zamani walijaa kila bonde lenye maji. Nilipofika walikuwa wamebaki wawili hapa, wawili kule, na mabonde mengi yalikuwa kimya. Mabwawa yalikaushwa yapandwe maharage. Nyuzi za magunia ya nailoni, zile watu wanazofumua kwa kufungia mbuzi na miti, zilitupwa majini zikawasokota miguu. Mbwa nao walikuwa na njaa yao. Lakini kisa kilichotusumbua kuliko vyote ni kwamba watu waliwapenda.

Hilo nililielewa kupitia Papa Bauma, aliyenifundisha kazi. Alikuwa Muhunde wa pale pale Masisi, mtu wa kulalamika tangu asubuhi: moto, yaani pikipiki, haiwaki vizuri, barabara imeharibika, chai haina sukari. Malalamiko hayo yote aliyasema kwa sauti ile ile, kwa hiyo usingejua lipi ni la kweli. Yeye ndiye aliyenipa kifaa ambacho mpaka leo nakiona bora kuliko vyote tulivyoletewa kwenye masanduku: soksi ndefu ya mpira wa miguu, iliyokatwa ncha. Unamvisha korongo kichwani, mdomo unatokea mbele apate kupumua, macho yanafunikwa, na ndege aliyekuwa akipigana na dunia nzima anatulia. Kisha unamshika kwapani, miguu unaiacha ining'inie, usiikunje kwa muda mrefu maana itakufa ganzi na hatasimama tena. Na uso wako uweke mbali. Papa Bauma alikuwa na kovu chini ya jicho, na hakupenda kuulizwa habari zake.

Safari yetu ya kwanza tulikwenda kwa wafugaji wa juu ya Lushebere. Tulifika kwa Papa Rukara, mzee mrefu, mkristo wa kanisa la mlimani, mwenye ng'ombe aliowaita kwa majina, kila mmoja na jina lake na sifa zake. Uani kwake alitembea korongo mzima, amekatwa manyoya ya bawa moja kwa makasi ya kushonea asiweze kuruka. Kabla sijakaa vizuri nilipewa kibuyu cha mashanza, yale maziwa mazito yaliyoganda. Mtoto wa Butembo mimi, nilijikaza, nikanywa mpaka mwisho, nikafuta mdomo, nikaanza maelezo yangu mazuri kuhusu sheria na kwa nini inafaa tuondoke na ndege yule.

Papa Rukara alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akamtazama Papa Bauma, si mimi.

"Huyu mama anatoka wapi?"

"Butembo," alisema Papa Bauma.

"Mumwambie, muntu akisha kunywa maziwa ya nyumba, haombe tena kitu mu ile nyumba, siku ile. Amekwisha kupewa."

Tuliondoka mikono mitupu. Njiani Papa Bauma alilalamikia mteremko, halafu akanipa somo, na tangu hapo tukafanya kazi hivyo. Kuna siku za maziwa na siku za maneno. Siku ya maziwa unakunywa, unauliza habari za ng'ombe mmoja mmoja, unakwenda zako. Siku ya maneno unasimama nje ya ua, unaita, unasema ulichokuja kusema kabla hujakaa. Ofisini Goma hawakuelewa kwa nini tunatumia mafuta ya moto kwa safari ambazo hazina matokeo. Niliandika "uhamasishaji" na wakaridhika.

Korongo wa Papa Rukara aliitwa Mugeni. Wachungaji walimtoa kwenye kiota akiwa kifaranga, wakamleta, na mzee akampokea kama anavyopokewa yeyote anayeingia nyumba ya mfugaji: kwa maziwa. Hapo ndipo penye kosa ambalo nadhani lingeweza kufanywa na watu wale tu. Kila msimu wa mvua waliletewa vifaranga, na kila nyumba iliwapa maziwa ya ng'ombe bora, asubuhi na jioni, katika chombo kisafi. Tumbo la ndege haliwezi maziwa. Kifaranga anaharisha, anakonda, na kwa kuwa anawekwa ndani kwenye sakafu laini asipate baridi, miguu inatanuka pembeni na hainyanyuki tena. Wakifa, Papa Rukara aliwazika nyuma ya zizi. Sijawahi kuona watu wakiua ndege kwa heshima namna ile.

"Lakini Mugeni amekomaa kwa maziwa," aliniambia siku moja ya maneno, mimi nikiwa nimesimama nje ya ua.

"Amekomaa kwa minyoo ya kwenye mavi ya ng'ombe, Papa. Namuona kila nikija, anafukua."

"Minyoo anakula. Maziwa njo inamukomalisha."

Tulivutana hivyo miaka. Nilimwambia asipokee tena vifaranga. Aliniuliza kama kwetu Butembo mgeni akifika mlangoni anafukuzwa. Nilimwambia kwamba bwawa la chini ya nyumba yake lina makorongo wawili tu, mume na mke, na kila wanachokiangua kinaishia nyuma ya zizi lake. Hilo lilimgusa. Aliangalia bondeni. Alisema atafikiri. Nilirudi kwa furaha, na Papa Bauma akasema kwamba mzee huyo amekuwa akifikiri tangu enzi za baba yake.

Papa Bauma aliacha kazi muda mfupi baadaye, akafungua duka la vipuri vya pikipiki, na anaendelea vizuri ingawa ukimuuliza atakwambia biashara imekufa. Nilibaki na soksi yake.

Kisha mambo mawili yakatokea yakifuatana. La kwanza, mmoja wa wale makorongo wawili wa bwawani tulimkuta amekufa, miguu yote miwili imesokotwa na uzi wa gunia, mbwa wameshamfikia. Mwenziwe alisimama kwenye mti akiita. Aliita siku hiyo, na kesho yake, na msimu wote ule, na hakuna aliyemjibu bondeni. La pili, vita ilipanda mlimani. Ng'ombe wa Papa Rukara walichukuliwa wote. Alishuka Lushebere, kwenye kambi ya waliokimbia vita, na mkewe, godoro, sufuria mbili, na Mugeni, ambaye alitembea nyuma yao kwa miguu yake.

Mimi nilikuwa nimekwama Goma. Barabara ilifungwa, ikafunguliwa, ikafungwa tena pale Mubambiro, na kila nilipofika kwenye bariere, kile kizuizi cha barabarani, nilirudishwa na kijana aliyetaka kujua ndege wana haraka gani. Nilipofika Lushebere hatimaye, sikuhitaji kuelekezwa. Juu ya bashe moja, kibanda kifupi cha turubai, kati ya mabashe meupe yasiyo na mwisho, alisimama korongo.

Papa Rukara alikuwa amekonda. Hakuwa na kibuyu, hakuwa na fimbo yake. Alinikaribisha kwenye jiwe nikae, akabaki amesimama, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Mama, leo mimi njo naomba," alisema. "Umuchukue Mugeni. Mimi sina tena maziwa. Ananiangalia asubuhi, mimi naangalia chini. Mugeni kukaa na njaa kwako, iko haya."

Kwa miaka yote nilikuwa nimengoja maneno hayo. Nilidhani nitafurahi. Nilitazama kando, nikajifanya natafuta soksi mkobani.

Nilimshika Mugeni nikakagua bawa. Manyoya yalikuwa yameota yote, marefu, kamili. Yale yaliyokatwa yalikuwa yameanguka kwa majira yake na mapya yakaja, na safari hii hakuna aliyeyakata.

"Papa, makasi iko wapi?"

"Ilibakia ku nyumba."

"Basi huyu anaweza kuruka. Ameweza tangu zamani."

Alishangaa. "Sasa mbona haende?"

"Muulize yeye."

Alinitazama kuona kama ninamtania, na kweli nilikuwa ninamtania kidogo.

Nataka mwelewe hesabu ilivyokuwa. Bwawani alibaki korongo mmoja. Kambini alikuwepo mmoja. Kama hawa wawili wasingekutana, bonde lile lilikuwa limekwisha, na hakukuwa na lingine la karibu la kuazima ndege. Na hata wakikutana, hatukujua kama ni dume na jike, maana kwa nje wanafanana kabisa. Kwenye raporo niliandika "kuna matumaini ya kutosha". Ukweli ni kwamba tulikuwa tunabahatisha. Zaidi ya hayo, kambini kulikuwa na njaa, na Mugeni alikuwa na mapaja. Mke wa Papa Rukara alikuwa ameshafuatwa mara kadhaa na watu waliotaka kumnunua kwa ajili ya sufuria.

Bwawa lenyewe nalo lilikuwa limeanza kulimwa na wanawake wa kambini. Nilikwenda kuzungumza nao. Kiongozi wao, Mama Francine, mwanamke wa maneno machache, alinipeleka kwenye kona moja yenye maji mengi akasema pale hawatalima. Nilimshukuru kwa niaba ya makorongo. Alisema maharage yanaoza pale, ndiyo sababu. Nilimwomba pia nyuzi za magunia zisitupwe majini, zichomwe. Hilo alilifanya bila maharage kuhusika, na ndilo ninalomkumbukia.

Tulimpeleka Mugeni bwawani kama nilivyofundishwa: soksi, kartoni yenye matundu, moto, mwendo wa polepole. Tulimfungulia kwenye majani. Alijinyoosha, akatikisa manyoya, akaita. Kutoka kwenye mti upande wa pili akajibiwa. Wenzangu walipiga makofi. Tulipiga picha. Tulirudi kambini tumpe mzee habari njema, na tukamkuta Mugeni amesimama juu ya bashe. Alikuwa ametutangulia.

Tulijaribu tena siku nyingine, tukakaa naye mpaka jua likapanda juu, tukaondoka kwa kunyata. Alifika kambini kabla yetu tena. Vijana wa kambini walianza kutucheka, nami sikuwalaumu.

Papa Rukara hakucheka. "Munamutia mufuko mu kichwa, munamufunga mu kartoni, munamuacha mu majani, munakimbia," alisema. "Hiyo hamukumusindikiza. Mumemufukuza. Mugeni akifukuzwa lazima arudie, aulize amekosa nini."

Nilieleza kwamba ndege huyo amezoea chakula chake na sauti yake, na kwamba inahitaji muda. Nilieleza vizuri. Alingoja nimalize.

"Kesho nitamusindikiza mimi mwenyewe," alisema.

Asubuhi alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Kwenye njia inayopita kando ya kambi walikuwa wakishuka akina mama wanaouza maziwa ya milimani ambako vita ilikuwa haijafika, bidoni, madumu ya plastiki, kichwani. Mzee alimsimamisha mmoja, wakasemezana kwa Kinyarwanda, naye akammiminia kikombe kimoja cha plastiki. Sijui walielewana nini. Sikuona kitu kikitoka mfukoni mwa mzee, na mama yule alifunga bidoni yake akaendelea na safari kama kawaida.

Kisha wakatembea. Mzee mbele na kikombe chake, Mugeni nyuma hatua kwa hatua, shingo juu, na mimi mbali kidogo nyuma yao. Hakukuwa na soksi wala kartoni. Papa Rukara alizungumza njia nzima kwa lugha yake, kwa sauti ya kawaida, kama anavyozungumza mtu anayemtoa mgeni wake: habari za njia, nadhani, na za mvua. Walipofika kwenye mfereji, pale ambapo mashamba ya maharage yanaishia na majani marefu yanaanza, akasimama. Alichutama, magoti yakilia, akaweka kikombe chini mbele ya ndege.

Nilikuwa nimetumia miaka kuwaambia watu wa milima ile kwamba korongo hapewi maziwa. Nilikuwa na picha za kuonyesha, na maneno yake kwa Kiswahili na kwa Kinyarwanda. Siku hiyo vyote niliviacha mkobani.

Mugeni alichovya mdomo, akautikisa, matone yakaruka. Hakunywa zaidi ya hapo. Papa Rukara akachukua kikombe, akamalizia yaliyobaki yeye mwenyewe, akafuta mdomo kwa kiganja. Akainuka, akasema neno moja ambalo sikulisikia, akampa kisogo. Alianza kurudi. Mugeni alimfuata hatua chache, taji likitikisika. Mzee hakugeuka. Alinipita bila kunitazama, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi. Korongo akasimama. Alibaki amesimama pale mfereji ulipo muda mrefu sana, na yule wa mtini alipoita, akaruka.

Hakurudi kambini. Kwa nini hakurudi, sijui. Ninyi wa shule za sasa mtasema ni msimu wa kutafuta mwenzi, na huenda mko sahihi. Mimi mwenyewe ndivyo nilivyoandika. Papa Rukara ana sababu yake na hajawahi kuniomba niiandike.

Msimu wa mvua uliofuata, Mama Francine ndiye aliyewaona kwanza, kwenye kona ile ya maharage yanayooza. Vichwa viwili juu ya majani, na nyuma yao vidogo viwili, rangi ya nyasi kavu. Mmoja wa wale wakubwa alikuwa na alama ya kamba mguuni, pale ambapo Mugeni alifungwa alipokuwa mdogo. Wachungaji wachache waliobaki walijua. Hakuna aliyewachukua, na hakuna niliyemsikia akisema wapelekwe kwa nani.

Wiki yangu ya mwisho kazini nilikwenda Lushebere kuaga. Papa Rukara bado yuko kambini. Ng'ombe hawajarudi, na juu ya bashe lake sasa hakuna kitu. Mkewe alinipa chai ya rangi. Mzee aliangalia kikombe changu, akatabasamu kidogo.

"Leo hukukunywa maziwa kwangu," alisema. "Unaweza kuomba. Omba kitu unataka."

Nilitafuta. Tangu siku ile ya kibuyu cha kwanza sikuwa nimefika kwake bila ombi, siku za maneno likiwa mdomoni, siku za maziwa likiwa limefichwa.

"Sina ombi, Papa. Nimekuja kukuona tu."

"Aa. Hiyo njo vizuri."

Tulikaa. Aliniuliza kama bado naendesha moto na mgongo huu. Nilimuuliza habari za ng'ombe wake, mmoja mmoja, kwa majina, kama nilivyokuwa nikiuliza zamani, naye alinijibu wote, kana kwamba amewakamua asubuhi. Nilipoinuka kwenda, naye aliinuka. Alivaa koti lake la kanisani. Tulipita kati ya mabashe, tukashuka kando ya maharage, akiniambia habari za njia na za mvua, mpaka kwenye mfereji. Hapo akasimama, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema neno moja, nadhani lile lile, ambalo safari hii nililisikia na nitalihifadhi.

Akageuka akaanza kupanda. Hakutazama nyuma. Mimi nilibaki nimesimama pale, na bwawani walikuwa wanaitana wawili.